Amiga 500 kwa megahezi 14: nimeijaribu hapa Uyole

Mugonile wadau! Leo mezani kuna kompyuta kongwe, Amiga 500. Commodore waliitoa mwaka 1987, mimi imenizidi umri. Prosesa yake ni Motorola 68000, na kwa mashine ya PAL kama hii, yaani ya mfumo wa TV wa Ulaya, inatembea megahezi 7.09. Nimeichomekea hii bodi ndogo, inakaa kati ya prosesa na soketi. Ina swichi: huku 7, huku 14.

Ngoja nisogeze kamera. Mmeona mgongoni kwa prosesa pameandikwa MC68000P8? Ile 8 ya mwisho ni kiwanda kinakuambia kimeipima mpaka megahezi 8. Wewe ukiikimbiza 14, ikikufia usimlilie mtu.

Asubuhi, na baridi hii ya Juni, nimevaa koti humu ndani, ilienda saa nzima bila shida. Nikajidanganya kwamba Mbeya yenyewe ni feni. Mchana nikarudisha mfuniko. Dakika ishirini hivi, skrini nyeusi, boksi jekundu linawakawaka: Guru Meditation, yaani Amiga imekwama. Nikafungua, nikaweka kidole juu ya prosesa. Sikuhesabu hata kufika tatu.

Faida sasa? Hapo ndipo roho iliniuma. Memori bado inakwenda mwendo ule ule wa zamani, tena prosesa inagawana nayo na chipu za picha na sauti. Kwa hiyo inawahi kufika, halafu inasimama mlangoni kusubiri. Michezo ya 3D imechangamka kidogo, basi.

Na muziki, sikilizeni. Hii ni 7... Nazima, nageuza swichi... hii 14. Mmesikia noti zinavyomezwa? Programu nyingi za enzi zile zinapima muda kwa kuizungusha prosesa bure. Ikiharakisha, muda unapungua, chipu ya sauti inakuwa haijajiandaa.

Ila kilichonitisha zaidi kiko huku chini. Hii ni A501, kadi ya memori, kilobaiti 512 za ziada, nazo zinapita njia ile ile ya polepole. Angalieni betri yake: ute wa kijani umeshaanza kutambaa kwenye njia za shaba. Wiki nzima nahangaika na joto, kumbe ugonjwa uko hapa!

Swichi nimeirudisha 7. Bodi naiacha humo humo, maana kuing'oa ni kuisumbua tena soketi kongwe yenye matundu 64. Pasi ya kulehemu imeshapata moto, ngoja niitoe hii betri kwanza.