Kitalu cha njia ya Nyegezi, Mwanza: miche mizuri, jina la kuazima

Kwa wingi wa minazi ya mapambo, kitalu hiki kinawazidi majirani zake, na miche mingi ina afya. Kasoro iko kwenye jina. Ule wenye majani ya upepeo unauzwa kama "mnazi wa baridi", na mwuzaji anaapa kwamba ndio ule wa China unaohimili barafu. Siyo.

Mnazi wa baridi wa kweli ni Trachycarpus fortunei, mti ambao Waingereza wameupanda bustanini tangu karne ya 19. Ukikomaa huhimili hadi nyuzi 15 hivi chini ya sifuri. Pitisha kidole kwenye kikonyo cha jani lake: utasikia vijino vidogo tu, kama msumeno butu. Sasa shika kikonyo cha mche wa hapa. Una miiba iliyopinda kama ndoano, na kwenye ncha za majani zinaning'inia nyuzi nyeupe. Huo ni Washingtonia robusta, wa kaskazini magharibi mwa Mexico.

Kwa mkazi wa Mwanza, kosa hilo ni bahati. Huku barafu haianguki, na jua la Juni hadi Septemba ndilo linaloua miche. Washingtonia unalivumilia jua hilo kuliko yule Mchina. Ila ujue unapanda nini: unaweza kupita mita 20, kwa hiyo usiuweke chini ya nyaya za umeme. Mwenye kumpelekea ndugu yake Makete ndiye atakayeumia, maana barafu ya alfajiri inaweza kuunguza mche mchanga. Huyo achukue mtende wa visiwa vya Canary, nao upo hapohapo. Vijani vyake vimekunjwa kama mfereji ulioelekea juu, na vya chini kabisa vimegeuka miiba mirefu. Vaa glavu.

Kabla ya kulipa, inua kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche. Kisipong'oka, mizizi imeshazama ardhini na itakatika. Minazi huchelewa sana kupona jeraha la mizizi. Kagua pia udongo. Viriba vingi vya hapa vimejazwa udongo mweusi wa mbuga, ambao ukikauka unakuwa tofali: maji yanateremka pembeni na katikati panabaki pakavu. Dawa ni kuzamisha kiriba kwenye beseni hadi mapovu yakome. Jani jipya la katikati livute polepole. Likichomoka na kunuka, moyo (pale yanapochipuka majani mapya) umeoza, na mnazi una moyo mmoja tu. Uache hata wakikupa bure.

Miche inakaa chini ya neti ya kivuli, jambo ambalo mwuzaji halitaji. Ukiipeleka moja kwa moja juani, majani yanababuka ndani ya siku chache. Izoeshe wiki tatu, ukianza na jua la asubuhi.

Ushauri wao wa kupanda ndio dhaifu kuliko vyote: "chimba shimo refu, jaza samadi." Shimo refu hutitia, mche unazama na moyo unafukiwa. Chimba kina cha kiriba tu, upana mara mbili au tatu. Changanya ndoo moja ya samadi iliyooza na ndoo tatu za udongo uliochimba. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Panda mvua za Oktoba au Novemba zikishakolea. Kiangazi cha kwanza, lita 20 mara mbili kwa wiki kwenye udongo wa kichanga, zikimwagwa kuzunguka shina wala si juu ya moyo. Matandazo yakae kiganja kimoja mbali na shina, la sivyo umewakaribisha mchwa.

Kichanga chetu cha mawe hakishiki potasiamu, ndiyo maana majani ya zamani huota madoa ya rangi ya chungwa. Usiyakate kwa ajili ya urembo: mti unayanyonya kulisha majani mapya. Ukiyaondoa, njaa inahamia jani linalofuata. Majivu ya kuni, konzi mbili tatu baada ya mvua, yanasaidia.

Usafiri ni wa kirikuu, na vijana wa kupakia wana mikono mizuri. Waambie walaze miche na wafunike majani kwa turubai, kwani wasipoambiwa wanaisimamisha, na upepo wa njiani hadi Igoma unatosha kuyachana yale ya upepeo.