Toyota RAV4 ya 2000 hadi 2005: bodi imara, bloku yenye nyuzi fupi

Anayetafuta RAV4 ya kizazi cha pili ainame kwanza achungulie uvunguni, kabla hajafungua hata mlango. Kama hakuna propela inayokwenda nyuma wala difu kati ya magurudumu ya nyuma, hiyo ni ya 1.8, injini 1ZZ-FE, inayovuta kwa mbele tu. Namba yake ya chesisi huanza na ZCA. Ya 2.0 iliyouzwa Japani huanza na ACA, 20 kwa milango mitatu na 21 kwa milango mitano, na inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Kwa nje zinafanana kama pacha, na madalali huziuza zote kwa jina la fowili, yaani gari linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Bodi na miguu ya gari hili ni kazi nzuri. Kila gurudumu lina mguu wake unaojitegemea, mbele na nyuma, kwa hiyo barabara ya vumbi iliyofanya mawimbi hairushi mkia wa gari ovyo. Vinavyochoka ni bushi za mikono ya chini, linki za stabilaiza na shokapu, na vyote vinapatikana Gerezani pale Kariakoo, vipya na vya mtumba. Viti vya nyuma vimegawanywa nusu kwa nusu, vinasogea, vinakunjika na vinaweza kutolewa kabisa.

Mlango wa nyuma hufunguka kwa pembeni, bawaba zikiwa kulia. Kwetu tunakoendesha kushoto hiyo ni faida, kwani ukiegesha kando ya barabara unapakia mzigo kutokea upande wa waenda kwa miguu. Lakini mlango huo umebeba tairi la akiba kwa miaka ishirini na ushee. Ufungue nusu, ushike ncha yake kwa chini, uunyanyue. Ukicheza, bawaba zimelika, na ndiyo maana vumbi linaingia hadi kwenye viti.

Shida kubwa iko kwenye injini ya 2.0, yaani 1AZ-FSE. Watu huilaumu D4, yaani mfumo wake wa kupiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa kila kitu, ilhali kinachoua injini hizi hasa ni bolti za silinda hedi, sehemu ya juu ya injini inayofungwa kwenye bloku. Bloku, yaani mwili wa injini, ni ya aluminiamu, na bolti zote kumi hushika kwenye nyuzi fupi zilizochongwa ndani ya aluminiamu hiyo. Gari likichemsha, iwe ni kwa rejeta iliyoziba, feni iliyokufa au pampu iliyoliwa na kutu ya maji ya bomba, chuma kinatanuka, bolti inavuta, na nyuzi zinang'oka. Zinazotangulia kufa ni za upande wa nyuma, unaotazama dashibodi. Hedi inaachia kiasi kidogo sana upande huo, maji yanapenya tone kwa tone na kukaukia kwenye bloku yenye moto. Sakafuni huoni hata alama. Mwenye gari anajua tu kwamba kila wiki anaongeza maji.

Kwa hiyo likague gari asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha rejeta: maji yafike shingoni na yawe na rangi ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), nyekundu au ya waridi. Yakiwa ya kahawia, gari limeishi kwa maji ya bomba. Kisha chukua tochi na kioo kidogo, umulike nyuma ya injini pale hedi inapokutana na bloku. Ukoko mweupe au wa waridi, kama chumvi iliyokaukia ukingoni mwa sufuria, ndiyo dalili yenyewe. Washa injini kifuniko kikiwa wazi. Hewa kidogo mwanzoni si neno, lakini mapovu yasiyokoma maana yake moto wa silinda unaingia kwenye maji. Zima, rudisha kifuniko kabla injini haijapata moto.

Ukishakuta hali hiyo, kukaza bolti upya ni kupoteza muda. Hata kuchonga hedi na kuweka gasketi mpya, kazi ambayo gereji nyingi hufanya, haisaidii kama matundu ya bolti hayajaguswa: wakati wa kukaza, bolti moja au mbili huzunguka bila kubana, fundi ananyamaza, na gari linarudi kuchemsha. Kazi sahihi ni kutoboa matundu yote kumi, kuyachonga upya na kuingiza bushi za chuma zenye nyuzi, halafu bolti mpya na spana ya torki. Ifanywe na mchongaji mwenye vifaa, kwa sababu tundu likienda upande hata kidogo bloku imeharibika. Injini ya mtumba kutoka Japani ni njia nyingine, ila kumbuka inakuja na nyuzi zilezile fupi. Ipe rejeta safi, termostati yake na kulanti tangu siku ya kwanza.

D4 nayo ina mambo yake. Petroli hupigwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha. Masizi yanajaa kwenye vali, kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) na kwenye throto (mlango wa hewa ya injini). Gari likisimama kwenye taa, injini inapanda na kushuka yenyewe, au inazima. Kusafisha throto peke yake hutuliza kwa muda. Dawa kamili ni kushusha manifoldi na kusugua kila njia ya hewa vali zake zikiwa zimefungwa, uchafu ukivutwa nje usidondokee ndani. Pampu ya presha kubwa ikichoka hupitisha petroli kwenye oili. Chomoa dipstiki uinuse: oili inayonuka petroli na iliyopanda juu ya alama inatosha kukufanya uondoke. Zile zilizotoka Uingereza zikiwa na 1AZ-FE hazina masizi haya, nozeli zake ziko kwenye manifoldi, ingawa udhaifu wa bloku ni uleule.

Ya 1.8 haina kero ya nyuzi kwa kiwango hicho. Yenyewe inakula oili, kwa kuwa matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni za 1ZZ za miaka ya mwanzo ni madogo, yanaziba na ringi zinaganda. Kwa anayezunguka mjini tu na yuko tayari kupima oili kila Jumamosi, hiyo ni nafuu kuliko 2.0 yenye historia isiyojulikana.

Fowili ya 2.0 hutegemea kapulingi yenye mafuta mazito ya silikoni. Inauawa na matairi yasiyolingana: mapya mawili mbele na vipara viwili nyuma, au 215/70R16 kuchanganywa na 235/60R16. Jaribu kwenye uwanja mkavu, usukani umekatwa hadi mwisho, gari likitembea kwa mwendo wa mtu. Likiwa zito na kujivuta kana kwamba breki zimeshika, kapulingi imeganda. Gia boksi ni ya kudumu ikipewa ATF, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, ya aina ya T-IV. Kumwaga na kujaza huchukua lita 3.5 hadi 4, na oili yote haitoki kwa mara moja, hivyo rudia baada ya kilomita elfu moja hivi.

Eabegi zisisahauliwe. Baadhi ya RAV4 za 2004 na 2005 zimo katika mwito wa kurudisha magari yenye eabegi za kampuni ya Takata, ambazo kipulizio chake kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Peleka namba ya chesisi kwa wakala wa Toyota aiangalie.

Na ukifika kwa muuzaji ukakuta boneti ni ya moto kwa sababu "tumeliwasha kidogo lichangamke", mwambie utarudi kesho asubuhi. Hakuna kipimo cha maji hapo juu kinachofanyika kwenye injini ya moto, na kifuniko cha rejeta kikifunguliwa wakati huo kitakuunguza.