TAHADHARI: Tiketi za ndege za nusu bei zinazokatwa kwa maili za watu wengine

Ninaandika kuwatahadharisha wote wanaowatafutia tiketi za ndege wazazi wao, wagonjwa wao au watoto wao wanaokwenda kusoma, hasa sisi wenye ndugu Ulaya na Amerika Kaskazini, kuhusu wauzaji wanaojiita mawakala ambao hutangaza tiketi za safari ndefu kwa nusu ya nauli, kisha huzikata kwa maili, yaani pointi ambazo shirika la ndege humzawadia mteja wake na ambazo huweza kukatia tiketi, zilizomo katika akaunti za watu wasiomjua kabisa msafiri. Mmoja wao alituuzia tiketi ya mama yangu mzazi. Mama alikwenda salama, lakini alikwama wakati wa kurudi, na yaliyompata ndiyo yanayonifanya nieleze kwa kirefu, kwa sababu hata mimi niliyetoa fedha niliamini kwamba nakijua ninachokinunua.

Mdogo wangu wa kike anaishi Toronto na alikuwa anakaribia kujifungua. Nauli ya kwenda na kurudi kutoka Dar es Salaam tuliyotajiwa katika ofisi moja ya tiketi mjini ilikuwa shilingi 4,300,000. Wakati bado tunachangishana, katika kundi letu la WhatsApp likaletwa tangazo la mtu anayeuza safari hiyohiyo kwa shilingi 2,300,000. Nilimwandikia, akajibu kwa upole na kwa haraka. Nilipomwuliza kwa nini bei yake iko chini kiasi hicho, aliniambia kwamba yeye na wenzake husafiri sana na wana maili nyingi zinazokaribia kuisha muda, kwa hiyo wanaona ni heri ziwasaidie watu. Katika hilo alisema nusu ya kweli, kwa maana tiketi ilikatwa kwa maili. Alichonificha ni kwamba maili hizo hazikuwa zake.

Nilituma fedha kwa awamu mbili kwenda namba ya simu ya mtu binafsi, na jina lililotokea halikuwa lile alilojitambulisha nalo. Akasema ni la mhasibu wake. Baada ya saa chache nilipata namba ya uhifadhi, nikaiingiza mwenyewe katika tovuti ya shirika la ndege, na jina la mama likatokea herufi kwa herufi kama lilivyo katika pasipoti. Nikatulia. Usiku wa kuamkia safari akanitumia ujumbe kwamba mama akiulizwa uwanjani tiketi amekatiwa na nani, ajibu kwamba amekatiwa na rafiki wa familia, na akataja jina la kizungu ambalo hatujawahi kulisikia. Nilimsomea mama ujumbe ule, naye akanijibu, "Mwanangu, mtu huyo mimi simjui, na sitasema kwamba namjua." Ningekuwa na busara ya mama yangu usiku ule, ningeisimamisha safari. Asubuhi katika Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hakuulizwa lolote. Nilimpiga picha akiwa ameshika pasi yake ya kupandia ndege, amevaa kitenge chake cha kijani, na nikamtumia muuzaji picha hiyo pamoja na maneno ya shukrani.

Zilipobaki siku mbili mama arudi, mdogo wangu aliingia katika tovuti ili amchagulie kiti, akaambiwa kwamba uhifadhi haupatikani. Alipopiga simu kwa shirika alielezwa kwamba mwenye akaunti ya maili alikuwa ametoa taarifa kuwa maili zake zimetumiwa bila ridhaa yake, akaunti imefungwa kwa uchunguzi, na sehemu ya tiketi iliyokuwa haijatumika imefutwa. Mfanyakazi aliyepokea simu alikuwa mwungwana, lakini alisema waziwazi kwamba hakuna cha kuturudishia, kwa kuwa katika kumbukumbu zao sisi hatukulipa hata senti moja. Kilichostahili kurudi kingerudi kwa mwenye maili na katika kadi iliyolipia kodi za tiketi hiyo. Tulinunua tiketi mpya ya kurudi tu kwa shilingi 2,700,000, na ukijumlisha utaona kwamba safari iliyokuwa ya nusu bei ilitugharimu shilingi 5,000,000. Muuzaji alizisoma jumbe zangu zote, alama za bluu nikaziona, kisha akanifungia.

Naomba hapa nieleze kanuni zilivyo, maana ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Tangu shirika la American Airlines lilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981, karibu kila shirika kubwa limekuwa na mpango wa kuwazawadia wateja maili au pointi, na maili hizo hupatikana kwa kusafiri, kwa kutumia kadi fulani za benki, au kwa kuzinunua kutoka kwa shirika lenyewe. Kumkatia mtu mwingine tiketi kwa maili zako si kosa. Mipango mingi huruhusu, ingawa kila mmoja una mipaka yake: Singapore Airlines humtaka mwanachama ateue kwanza watu wasiozidi 5 anaoweza kuwakatia, na ANA ya Japani huishia kwa mwenzi wa ndoa na ndugu wa karibu. Mdogo wangu angekuwa na maili zake, angeweza kumkatia mama kama zawadi ya mtoto kwa mzazi, na hakuna ambaye angemsumbua. Kinachokatazwa ni kuuza. Kanuni za mipango hii husema kwamba maili si mali ya mwanachama na hazina thamani ya fedha mkononi mwake, na kwamba zikiuzwa au kubadilishwa kwa kitu kingine, shirika linaweza kuzifuta, kuifunga akaunti na kuibatilisha tiketi iliyotokana nazo, hata kama msafiri ameshafika nusu ya safari.

Wako wanaodhani kwamba wanaweza kwenda mahakamani wakashinda. Nchini Marekani kuna shauri la mtu aitwaye Ginsberg, mteja wa shirika la Northwest aliyeondolewa katika mpango wa maili mwaka 2008 kwa madai kwamba amenufaika nao isivyostahili, akashitaki kwamba hakutendewa kwa nia njema. Mwaka 2014 majaji wote wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba dai lake hilo halikuweza kusimama, kwa sababu ya sheria ya mwaka 1978 iliyoondoa mamlaka ya majimbo juu ya nauli na huduma za mashirika ya ndege. Huyo alikuwa mwanachama halali mwenye akaunti yake. Aliyenunua tiketi kwa mtu wa kundi la WhatsApp hana hata mkataba na shirika hilo.

Sasa, maili hizo wanazitoa wapi? Nyingine ni za wizi, kama zilivyokuwa za kwetu. Watu wengi huziacha akaunti zao za maili bila kuzitazama kwa miezi, na hutumia nenosiri moja kila mahali, hivyo nenosiri likivuja kwingine mwizi hulijaribu na huku. Mwanzoni mwa mwaka 2015 American Airlines na United walieleza kwamba wezi waliingia katika akaunti za wateja wao kwa njia hiyo, na katika baadhi ya akaunti za United walikuwa wameshakata safari. Mwezi Machi mwaka huohuo British Airways nao walizifungia kwa muda akaunti za wateja makumi ya maelfu baada ya kuona zimeguswa. Nyingine hununuliwa kwa wenyewe, na hapa nazungumza na ndugu zetu walioko ughaibuni ambao wamepata maili nyingi kwa kufungua kadi za benki na sasa wanafuatwa na watu wanaotaka "kuzikodi". Ukimpa mtu huyo nenosiri lako, umempa pia jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na mara nyingine namba ya pasipoti iliyohifadhiwa humo, na shirika likigundua kwamba akaunti yako imewakatia abiria 6 ambao hamna uhusiano wowote, wewe ndiye utakayeulizwa.

Kuna jambo moja ambalo sikulijua, na laiti ningelijua ningelinda fedha za familia. Tiketi ya maili hubaki chini ya mamlaka ya mwenye akaunti, na abiria, hata kama jina lake ndilo lililoandikwa, kwa kawaida hawezi kubadili tarehe wala kudai marejesho. Maana yake ni kwamba hata pale maili zisipokuwa za wizi, muuzaji asiye mwaminifu anaweza kukuonyesha tiketi halali, akapokea fedha zako, kisha akaifuta kabla hujasafiri, maili zikamrudia akamkatia mtu mwingine. Wewe utagundua ukiwa kaunta na mizigo yako.

Ndiyo maana ushauri tunaopeana kila siku, kwamba ingiza namba ya uhifadhi katika tovuti ukajihakikishie, hautoshi. Ni kweli kwamba mwenye namba ya uhifadhi peke yake bado hajawa na tiketi. Tiketi ina namba yake ya tarakimu 13, na tarakimu 3 za mwanzo ni za shirika lililoitoa, kwa mfano 071 kwa Ethiopian, 176 kwa Emirates, 157 kwa Qatar Airways na 706 kwa Kenya Airways. Namba hiyo ikikosekana, usilipe. Lakini ya mama yangu ilikuwepo, ilikuwa halali, na ilimfikisha Toronto. Tazama pia stakabadhi ya tiketi sehemu ya nauli: ikiwa wewe umelipa shilingi milioni mbili na stakabadhi inaonyesha kodi na ada tu, au nauli imetajwa kwa maili, tiketi hiyo imetoka katika akaunti ya mtu. Hapo mwombe muuzaji jina la mwenye akaunti na uhusiano wake na wewe. Akianza kukufundisha cha kujibu uwanjani, achana naye, hata kama umeshalipa nusu.

Hatari haiishii kwenye fedha. Kodi za tiketi ya maili hulipwa kwa kadi, na wezi wa maili mara nyingi hutumia kadi ambazo nazo ni za wizi. Polisi wa nchi mbalimbali wakiratibiwa na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, huendesha operesheni katika viwanja vya ndege kuwasaka wanaosafiri kwa tiketi zilizolipiwa kwa kadi za namna hiyo, na katika operesheni ya Novemba 2019 watu 79 walikamatwa. Nikimfikiria mama yangu mwenye miaka 67, asiyezungumza Kiingereza, akiwa amewekwa katika chumba cha mahojiano akiulizwa kuhusu mzungu asiyemjua, nakosa usingizi hata sasa ambapo amesharudi nyumbani.

Ikiwa umeshanunua tiketi ya aina hii na safari bado, pigia shirika la ndege mwenyewe kwa namba iliyo katika tovuti yake, waulize tiketi ililipiwaje, na uwaeleze ukweli wote kabla ya siku ya safari, maana ukijieleza mapema una nafasi ya kusikilizwa kuliko ukikutwa kaunta. Ikiwa umeshatapeliwa, hifadhi mazungumzo yote, risiti za miamala na nakala ya tiketi, usifute kitu kwa hasira, na uende polisi; Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na namba ya simu ya tapeli unaweza kuituma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Sisi tumefanya yote mawili. Mwenye maili zake naye abadilishe nenosiri leo, aweke ambalo halitumii kwingine, na azoee kutazama salio lake kama anavyotazama la benki.

Muuzaji huyu bado yuko kazini. Wiki iliyopita binamu yangu alinitumia tangazo jipya kutoka katika kundi jingine, lenye jina jingine na namba nyingine ya simu, likitoa tiketi za Toronto, London na Minneapolis kwa nusu bei kwa ajili ya sikukuu. Chini yake zimewekwa picha za wateja walioridhika, na ya tatu ni ya mama yangu. Uso wake umefunikwa kwa duara jeupe, lakini kitenge cha kijani ni kilekile, na ukiikuza picha utayaona majina yake mawili ya mwisho kwenye pasi aliyoishika. Mkiliona tangazo lenye picha hiyo, mjue ni muuzaji yuleyule.