Pikapu Iliyoinuliwa Malindi: Tairi Gani, Rimu Gani?

Pikapu ikishainuliwa, tairi zake za zamani huonekana kama viatu vya mtoto mguuni mwa mtu mzima. Hapo ndipo mwenye gari hukimbilia dukani kutafuta kubwa kuliko zote. Nami nilikimbilia. Niliiinua Hilux yangu inchi 2, nikafunga 285/70R17 (upana milimita 285, ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 17) za meno ya tope, nikatoka kifua mbele. Kona ya kwanza ya kuingia sokoni, nilipokata usukani hadi mwisho, tairi ya kushoto ilisugua plastiki ya ndani ya fenda kwa mlio uliowageuza hata wenye mikokoteni. Orodha hii nimeipanga baada ya aibu hiyo.

Kwanza ujue ni nini kilichoinuka. Springi na shoki ndefu huinua bodi, lakini difu ya nyuma, lile tufe la gia katikati ya ekseli, hubaki pale pale. Inayoiinua ni tairi, tena kwa nusu tu ya kipenyo ulichoongeza. 265/65R17, ambayo Hilux nyingi hutoka nayo kiwandani, ina kipenyo cha milimita 776 hivi. 265/70R17 ina 803, na 285/70R17 ina 831. Ukiruka kutoka ile ndogo hadi kubwa kabisa, difu imepanda milimita 27, si hata vidole viwili. Spidomita nayo itakuponza: kama ilikuwa ikisema kweli, sasa ikisoma 80 wewe uko karibu 86.

1. A/T (all-terrain, ya njia zote), 265/70R17 (au 265/75R16 kwa rimu ya 16)

Hii ndiyo ningemnunulia ndugu yangu. Wiki ya gari la Malindi ni lami ya kwenda Mombasa, vumbi na mawe ya Marafa, kisha Jumapili mchanga wa upande wa Mambrui. A/T inayaweza yote matatu bila kulalamika, na kwa kawaida haigusi fenda kwa gari lililoinuliwa inchi 2.

Mchangani siri ni upepo, si meno. Shusha hadi psi 18 au 20, tairi ilale, iukanyage mchanga badala ya kuuchimba. Usikate kona kwa kasi ukiwa umeshusha, maana tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Na uwe na kompresa ndogo ya kujazia kabla ya kurudi lami, kwa sababu tairi laini kwenye lami ya saa saba mchana huchemka hadi kupasuka.

Baadhi ya A/T zina alama ya mlima wenye chembe ya theluji ubavuni. Muuzaji akikuongezea bei kwa ajili yake, mwulize theluji ya Malindi huanguka mwezi gani.

2. H/T (highway-terrain, ya lami), saizi ya kiwandani

Haina sura, najua. Lakini kama pikapu yako ni ya kubeba mzigo Malindi–Mombasa na umeinua kwa sababu ya mzigo huo, hii ni kimya, nyepesi, na hainywi mafuta. Tazama namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni baada ya saizi: 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Usishuke chini ya namba ya kiwandani. Hata wanaobeba mzigo wa Lamu, lami inawafikisha Mokowe, na kuanzia hapo ni boti.

3. A/T, 285/70R17

Nzuri kwa macho. Itabidi fundi akate plastiki ya fenda, pengine na bumpa, usukani uwe mzito, gari lichelewe kuondoka. Kabla hujalipa, hakikisha spea ya saizi hiyo inaingia chini ya bodi. Kwangu haikuingia, nilisafiri nayo nyuma kama abiria.

4. M/T (mud-terrain, ya tope)

Kama shughuli zako ziko njia za ndani za Garsen, kwenye udongo mweusi wakati wa masika, nunua na usinisikilize. Huko meno marefu ndiyo yanayokutoa. Kwingine inavuma kama mashine ya kusaga, inateleza kwenye lami iliyolowa, na mchangani inajichimbia kaburi. Sifa yake moja nitaitetea: ubavu wake ni mnene, na mawe ya matumbawe ya huku hukata ubavu kama wembe.

5. Tairi zilizotumika

Hapana. Zinapakwa dawa zing'ae, lakini ubavuni kuna tarakimu nne zisizosafishika: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa mazima na mpira umekwisha kukauka.

Rimu sasa. Za chuma hazipendwi na vijana, ila zikipinda hunyooshwa kwa nyundo. Ya aloi ikipasuka imekwenda. Adui wa chuma huku kwetu ni chumvi: kutu huanza pale tairi inapokalia, upepo ukawa unatoka kidogo kidogo usiku. Zioshe kwa maji ya bomba kila ukitoka ufuoni. Za kromu ziache, hubambuka.

Ofseti, yaani umbali kwa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), ndiyo inayowaponza wengi. Rimu ya Hilux ina +30 hivi. Ukifunga ya 0 yenye upana uleule, gurudumu limetoka nje milimita 30 kila upande. Beringi zinalia, tope linapiga milango. Baki karibu na ya kiwandani. Nati 6 za Hilux hukaa kwenye duara la milimita 139.7, lakini rimu nyingine zenye mpango huo tundu la katikati ni dogo, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye habu.

Zikishafungwa, chora mstari wa chaki kukatiza tairi, uendeshe mita mia moja kwenye lami. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua. Kisha nenda hadi Kilifi, kama kilomita 60, ushuke na spana ukaze nati upya.