Mwani kwenye tangi la samaki: nunua hiki kwanza, kile kiache dukani

Miezi mitatu ya kwanza tangi langu lilikuwa kijani kama chupa ya soda. Nilikuwa nimeliweka sebuleni, hapa Kisumu, kando ya dirisha linalotazama magharibi, ili mgeni akiingia tu alione. Kuanzia saa nane mchana jua lilikipiga kioo mpaka likazama upande wa ziwani. Nikaenda dukani nikanunua dawa, kisha samaki wa kunyonya, kisha dawa nyingine. Kama ningeianza orodha hii iliyo hapa chini kutoka juu, ningebaki na pesa zangu, na samaki wanne pia.

Mwani unataka vitu viwili, mwanga na mbolea. Mbolea yenyewe ni naitreti na fosfeti, na hutoka kwenye kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki chini. Kwa hiyo kila kitu nimekipima kwa swali moja: kinaunyima mwani riziki, au kinaukwangua leo urudi Jumamosi ijayo?

Kabla ya kutoa hata shilingi, liondoe tangi juani. Toa maji kwanza. Langu ni la lita 63, na lita moja ya maji ni kilo moja, bado hujahesabu kioo na mawe. Ukilibeba limejaa utaiachanisha gundi ya pembeni. Na kama tangi ni jipya, na unachokiona ni vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole, usinunue chochote. Huo ni mwani wa tangi changa, na kwa kawaida huisha wenyewe baada ya wiki chache.

1. Taima ya soketi

Hii swichi inayowasha na kuzima taa yenyewe kwa saa ulizopanga ndiyo ningeinunua hata kama nina pesa ya kitu kimoja tu. Wengi wetu tunawasha taa ya tangi asubuhi na kuizima tunapokumbuka, yaani saa nne usiku baada ya habari. Hizo ni saa kumi na tano za mwanga. Saa sita hadi nane zinatosha kabisa, hata kwa tangi lenye mimea.

Taima za gurudumu zina vijino vya plastiki kuzunguka duara, na aina niliyo nayo ina vijino 96, kila kimoja dakika 15. Nimebonyeza vijino 24, taa inawaka saa tisa alasiri na kuzima saa tatu usiku, tukiwa nyumbani wa kuitazama. Angalia namba: kwenye gurudumu saa tisa alasiri imeandikwa 15. Mimi nilibonyeza penye 9 na nikashangaa wiki nzima kwa nini jioni kuna giza.

Ina kasoro moja, na kwa wanaoishi huku si ndogo. Stima ikipotea, gurudumu linasimama. Ikipotea kwa muda wa saa tatu, ratiba nzima inachelewa kwa saa tatu, na baada ya wiki mbaya utakuta taa inawaka usiku wa manane. Ukipata taima ya dijitali yenye betri ndani, ongeza pesa uichukue. La sivyo, jizoeze kuzungusha gurudumu kila stima inaporudi.

2. Mpira wa mita mbili na ndoo

Duka la vifaa vya ujenzi litakukatia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kwa pesa kidogo kuliko vile vinavyouzwa vimefungwa kwenye boksi. Kila wiki toa robo ya maji, mdomo wa mpira ukiupitisha juu ya changarawe ili ufyonze uchafu. Maji mapya ya mfereji yana klorini, kwa hiyo yatie dawa ya kuiondoa, au yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyamimina.

Maji machafu usiyamwage chooni. Mimi nayapeleka kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba, na huko ndiko nilikoelewa mambo: kilichokuwa kinanenepesha mwani ndicho kilichoyapa majani rangi ile ya kijani kibichi.

3. Mimea inayokua haraka

Mmea unaokula upesi unaupokonya mwani chakula. Ninaoupenda ni Ceratophyllum demersum, ule usio na mizizi, wenye majani kama brashi ya kuoshea chupa. Unaelea tu, huhitaji udongo wala mbolea. Ukiukosa, chukua pothosi, ule mmea wa kutambaa unaopandwa kwenye chupa ya maji sebuleni. Kata kijiti, mizizi iwe majini na majani yabaki nje.

Utaniuliza, si Ceratophyllum imejaa ziwani, kwa nini niinunue? Kwa sababu ya konokono. Konokono wadogo wa ziwani wa jamii ya Biomphalaria hubeba vimelea vya kichocho, na hushikamana na mimea. Mwenye vimelea akiingia tangini mwako, atakuwa anavimwaga kwenye maji yale yale unayotia mkono kila wiki. Pata mimea kwa mtu anayeiotesha tangini. Gugu maji usiliguse kabisa. Nalo lilisambazwa duniani kama ua la mapambo, na Ghuba ya Winam, huku kwetu Ziwa Victoria, inaujua mwisho wake.

4. Sumaku ya kusugulia kioo

Ni kazi ya mkono tu, haigusi chanzo, lakini kioo lazima kisafishwe. Tatizo lake ni mchanga. Punje moja ikinaswa katikati utachora kioo milele. Usiishushe hadi kwenye changarawe. Kwa pale chini tumia kadi ya zamani ya benki, inakwangua vizuri na haina gharama.

5. Samaki wala mwani

Hapa ndipo wauzaji wanapotupata. Yule pleko wa urefu wa kidole unayeuziwa anaweza kupita sentimita 30. Kinyesi chake ni kingi ajabu, na kinyesi ni mbolea. Pleko mwenye ndevu, Ancistrus, hukomea karibu sentimita 12 hadi 15, huyo anafaa, mradi umpe na kipande cha tango. Kuna mwingine, Gyrinocheilus, anayeuzwa kama mfyonza mwani. Akiwa mdogo anafanya kazi, akikua anageuka mkorofi na kuwakimbiza wenzake.

Jirani yangu, mama muuza omena, alinishauri kwa upole: "Baba, si utie kitoto cha tilapia? Anakula hayo yote." Ni kweli, mama, na mimea angeila pia, kisha angehitaji bwawa.

6. Taa ya UV (miale ya urujuanimno)

Inunue kama maji yenyewe yamekuwa kijani, huoni samaki. Kwa mwani ulioshika kioo au mawe haifanyi kitu, kwa sababu inaua tu kile kinachopita mbele yake. Jaribu kwanza kulifunika tangi kwa blanketi nzito siku tatu.

7. Dawa

Muuzaji aliniambia, "Mzee, tia vifuniko viwili, kesho utaniambia." Hakuniuliza tangi ni lita ngapi, nami sikusoma chupa. Baadhi ya dawa za aina hii zina shaba, ambayo huua uduvi na konokono. Samaki wangu waliponzwa zaidi na kilichofuata: mwani ulikufa wote kwa mpigo, ukaoza, na kuoza huko kukala oksijeni ya maji. Saa kumi na moja alfajiri nilikuta gapi wamepanga midomo juu, wakihema. Nilibadilisha nusu ya maji haraka haraka, bado wanne walikufa. Baada ya wiki mbili kioo kilikuwa kijani tena.

Chupa ingali juu ya kabati, imebaki robo tatu. Hata kuimwaga naogopa, maana mtaro wa huku kwetu unateremka hadi ziwani.