RAM ya DDR3 kwa kompyuta kongwe za mezani: hesabu chipu kabla ya kutoa pesa

Malalamiko ni yale yale, kuanzia Mlandege, Unguja, hadi Wete, Pemba: "Nimenunua RAM ya GB 4, nimeipachika, kompyuta haiwaki. Aliyeniuzia ananambia madabodi imekufa." Mara nyingi madabodi ni nzima kabisa. Tatizo ni idadi ya chipu, vile vidude vyeusi vilivyobandikwa kwenye hicho kipande cha RAM, jambo ambalo wauzaji hawaliangalii na wanunuzi hawajui kuliulizia.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni RAM. HP Compaq za ofisini hujisemea zenyewe: milio 5 na taa nyekundu inayowaka na kuzima mara 5. Kwa nyengine, zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Toa vipande vyote vya RAM uangalie meno yake, ile mistari inayong'ara inayoingia kwenye tundu. Hewa yetu ya chumvi huyatia utando. Yasugue taratibu kwa raba ya penseli, yapanguse kwa spiriti safi, puliza vumbi kwenye matundu. RAM nyingi zinazoambiwa mbovu huponea hapa hapa, bila ya kununua kitu.

Haikupona? Pachika kipande kimoja kimoja katika tundu lile lile na uwashe Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Iwache izunguke raundi nne, bora usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kukikataa kipande. Makosa yakikifuata kipande hata ukikihamisha tundu, kipande ndicho kibovu. Yakibakia kwenye tundu moja kila unachopachika, ubovu uko kwenye madabodi na RAM mpya ni pesa ya bure. Na vipande vyote vikileta makosa katika matundu yote, tazama kwanza pawasapulai na kapasita (vile vipipa vidogo vya kwenye madabodi) zilizovimba. Umeme wetu wa kupanda na kushuka hauviachi salama.

Sasa chipu. Kompyuta za Core 2 Duo zinazotumia DDR3, kama Dell OptiPlex 780 na zile za madabodi yenye chipseti ya Intel G41, haziijui chipu ya gigabiti 4. Mwisho wao ni gigabiti 2. Kwa hiyo kipande cha GB 4, yaani gigabiti 32, lazima kiwe na chipu 16, nane kila upande. Ukiipa chenye chipu 8, ama haiwaki ama inakisoma nusu. Kwenye lebo, chenye 16 huandikwa 2Rx8 na chenye 8 huandikwa 1Rx8. Ukiona inaishia x4 badala ya x8, kirudishe: hicho ama cha seva, ama ni vile vya "AMD tu", yaani vya kompyuta zenye prosesa ya AMD, na kwenye Intel hakifanyi kazi. Herufi inayofuata PC3-10600, alama ya kasi kwenye lebo, iwe U. R ni ya seva. Wenye Core i3 na i5 za kizazi cha pili, mfano OptiPlex 790 au HP 8200 Elite, hawana taabu hii: 8 au 16 zote sawa, hata kipande cha GB 8.

Chaguo letu la kwanza ni Samsung iliyotumika, iliyotolewa kwenye kompyuta za ofisi, yenye namba ya modeli M378B5273. Hatufichi mapenzi yetu. Lebo yake inasomeka na chipu ni zake mwenyewe. Ya pili ni Micron, kwa sababu jina lake ndilo jawabu: MT16JTF ina chipu 16, MT8JTF ina 8. Ya tatu ni Hynix HMT351U6. Usichanganye na HMT451U6, hiyo ni ya chipu 8. Kingston mpya tunaiweka ya nne, na KVR13N9S8/4 haifai kwa Core 2, ingawa ndiyo utakayoonyeshwa kwanza. Zisizo na jina, za bei ya kutupa: ziacheni.

Windows yako ikiwa ya biti 32, usiongeze kupita GB 4, haitaziona.

Kinachoudhi ni "mali ikiuzwa hairudishwi" kutoka kwa muuzaji asiyetaka hata kuchomeka kipande mbele yako. Kuwasha ni dakika mbili! Vipande vilivyokwaruzwa meno huuzwa kama vipya kwa kuwa vimetiwa kwenye plastiki mpya. Na kwa aliyeko Pemba, kipande kinachovuka kutoka Unguja kinaongezwa nauli, kikikataa kinalipiwa nauli ya kurudi, kama kitarudishwa. Basi kabla hakijapanda boti, mwambie akupigie picha pande zote mbili, lebo isomeke, uzihesabu chipu mwenyewe.