Taarab ya kamba nyekundu: mamkubwa wangu kakatazwa kutunza

Chakula kilikuwa sawa, viti vilikuwa sawa, na pa kuegesha gari papo. Hayo nayaacha, anayeyataka ataenda ajionee. Mimi nina jambo moja: kwenye usiku wa taarab hapa Malindi, katika bustani ya hoteli moja upande wa Casuarina, mamkubwa wangu alikatazwa kutunza, yaani kumpa mwimbaji noti mkononi wimbo ukiendelea.

Hakutaka kupanda jukwaani, wala hakumvamia mtu. Kutunza tu! Mtu mzima, na buibui lake, na noti yake mkononi, kaambiwa arudi alikotoka. Na wenye shughuli ndio hao hao waliobandika matangazo toka Barani hadi Maweni, "taarab asilia" kwa herufi za dhahabu.

Tulikwenda baada ya Idi, siku zile watu bado wana nguo mpya na vijisenti. Tiketi ilikuwa Sh1,500 kwa kichwa. Mamkubwa hakulalamika, na huyu ni mtu wa kubishana na dereva wa tuktuk kwa shilingi ishirini mpaka injini ipoe. Alikuwa na sababu yake. Kuna jirani, simtaji, mwenyewe anajijua, ambaye kwa muda sasa anapita mitaani akisema mamkubwa aliazima sufuria lake kubwa la shughuli akalirudisha limetoboka. Mamkubwa hakumjibu hata neno. Alinunua tiketi, kisha akahakikisha habari za taarab hiyo zinamfikia jirani. Zikafika. Tulipoingia tulimkuta keshaketi na binti zake, kajitia wanja, meza mbili kutoka yetu.

Nisiwe mdhalimu. Kabla muziki haujaanza nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, tena kwa kumwona mpiga udi peke yake. Mzee wa makamo, kofia ya vito, ameinamisha kichwa juu ya chombo chake kama anayemsikiliza mgonjwa kifuani, anakaza uzi, anaulegeza kidogo, anaukaza tena. Nikamwambia mamkubwa, leo tumepata.

Wakaanza, na kinanda kikameza kila kitu. Ule mdundo wa kubonyeza kitufe, ukishauwasha unakwenda wenyewe, ndio uliotuongoza kuanzia wimbo wa kwanza mpaka tulipotoka. Kijana wa ngoma ya dumbak alikuwapo, anapiga jasho linamchuruzika, hasikiki. Fidla tuliiona kwa macho. Maiki ya udi ilikuwa imeinama inaangalia zulia la jukwaani, na fundi mitambo wakati wote huo yuko nyuma ya miksa yake, uso umemulikwa na simu, anacheka peke yake.

Mwimbaji sauti anayo, hilo hanikatai mtu. Lakini shairi alikuwa akilisoma kwenye simu. Nilikuwa nimekaa pembeni kwa hiyo nilikiona kidole gumba chake kikipandisha maneno, mshororo kwa mshororo. Kuna mahali kioo kilizima katikati ya ubeti. Alikuwa keshamaliza ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, anatafuta utao, nusu ya pili, na utao umo ndani ya simu iliyolala. Akanyamaza, akakigusa kioo, akaendelea kana kwamba hakuna kitu. Bibie, hata watoto wa madrasa hawaruhusiwi kufanya hivyo na kasida ya Maulidi.

Halafu kuna emsii. Yeye alidhani kazi yake ni kutueleza wimbo kabla haujaimbwa, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kitaliano cha kuokota ufukweni kwa ajili ya wageni wa mbele. Ukishaambiwa fumbo lina maana gani, unabaki na nini cha kusikiliza? Angeishia hapo ningemstahi. Akaja kutuambia kwamba wimbo unaofuata ni wa marehemu Juma Bhalo, "mwimbaji mashuhuri kutoka Zanzibar". Hapa Malindi! Mtu aliyezaliwa hapa hapa mwaka 1942, akahamia Mombasa akiwa na jina la kwetu, akafariki 2014 watu wakalia pwani nzima, leo katika bustani ya Malindi anapewa Unguja. Meza za nyuma zikaguna. Mzee mmoja akapaza sauti, "Wa hapa huyo!" Emsii akadhani anashangiliwa, akapunga mkono.

Zanzibar ina wakwe na wajomba wa kutosha kwenye taarab, haihitaji kuongezewa wetu. Wana kikundi chao cha Ikhwani Safaa tangu 1905, wana mwimbaji wao Siti binti Saad aliyevuka bahari akaenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Sisi mtuachie Bhalo.

Sasa ile kamba. Meza za mbele zilikuwa na vitambaa vyeupe na mishumaa, za VIP. Sisi wengine nyuma. Katikati wametandaza kamba nyekundu juu ya vijiti vya shaba, zile za kupangia foleni benki. Kwenye upenyo wa kamba amesimama kijana mpana, suti nyeusi, waya sikioni. Nilipomwona nilimcheka. Nikasema taarab na baunsa, wapi na wapi.

Ukaja wimbo ambao mamkubwa aliuagiza mapema kwa mhudumu, kwa kikaratasi. Ubeti wa tatu unamhusu mtu anayesemwa na aliyemtendea wema, naye ananyamaza. Mamkubwa alikuwa akiusubiri tangu alipokanyaga bustani. Ubeti wa pili ulipokaribia kwisha akajitengeneza buibui, akatoa noti ya mia mbili, akaikunja kwa urefu, akainuka.

Anayeijua taarab anajua kilichotakiwa kufuata. Unakwenda polepole, noti juu, mwendo wa kuonekana. Mwimbaji akikuona unakuja anaushika ule mshororo anaurudia, anauvuta, fidla inamfuata, na ukumbi mzima unageuza shingo kuangalia jicho lako limetua kwa nani. Pesa inapokewa na mwimbaji, ujumbe una mwenyewe kwenye viti. Ndiyo maana wimbo wa dakika saba huweza kukaa nusu saa na hakuna anayechoka.

Mamkubwa alifika kwenye kamba, kijana akanyoosha mkono.

"Mama, rudi nyuma."

Hakusema hata shikamoo.

"Nakwenda kutunza, mwanangu."

"Hapa ni VIP. Rudi ukae."

"Sikai huko. Nampa hii, nageuka."

"Kama ni pesa, kuna namba ya till pale kwenye bango. Tuma kwa simu."

Mamkubwa akaligeukia bango. Kweli lipo, kando ya jukwaa, tarakimu kubwa kama za matatu. Akamtazama kijana. "Nimtunze mtu kwa namba?"

Na ubeti wa tatu huo unapita. Mwimbaji macho yake yako kwenye simu, hakumwona. Mshororo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, hakurudia hata mmoja, kiitikio kikaingia, mdundo wa kitufe ukaendelea tiki taka tiki taka. Mamkubwa amesimama mbele ya kamba na noti yake iliyokunjwa, watu wote wanamtazama, jirani akiwa wa kwanza.

Mngedhani yameishia hapo. Jirani yule, na binti zake wanaojua simu, akatuma kwenye till. Shilingi mia. Emsii akapata ujumbe, akashika maiki juu ya wimbo mwingine kabisa, "Tunapokea tunzo ya ule wimbo uliopita, kutoka kwa Mama Nanihii, Mungu amzidishie!" Makofi. Yaani ubeti ulioagizwa na mamkubwa, kwa kikaratasi cha mamkubwa, ukaenda kuwa wa jirani mwenye sufuria, kwa shilingi mia na mtandao. Mtaa mzima sasa unajua nani alinyamaza na nani alisema, na wanajua kinyume!

Na hizo pesa za till ni za nani? Mwanamume wa meza ya pili alituma naye, akanionyesha ujumbe. Jina lililotokea lilikuwa la biashara, wala si la mwimbaji. Noti ukimwekea mwimbaji mkononi ameshaipata, mengine ni yake na wenzake. Hii ya bango sitaki kumsingizia mtu, lakini nauliza.

Yule kijana wa kamba nimekuja kumhurumia baadaye. Aliwekwa alinde kamba, akalinda kamba, huenda hajawahi kuhudhuria taarab maishani. Aliyemweka pale ndiye wa kulaumiwa. La, hata kijana simwachii. Mtu wa umri wa mama yako anakwita mwanangu, unamwonyesha bango?

Wageni wa mbele nao msiwatie maneno mdomoni, hawakuomba kutengwa. Mama mmoja wa Kiitaliano alipomwona mamkubwa amesimama vile aliinuka akamsogezea kiti chake mwenyewe. Kijana akamwashiria akae. Meza za mbele hawajui wanatakiwa kufanya nini, meza za nyuma wanajua na hawaruhusiwi, mwimbaji yuko katikati anasomea simu yake. Mwanzoni niliulaumu mtambo kwa kuudumaza usiku ule. Ungekuwa mtambo wa dola milioni, bado tungepiga miayo. Mwimbaji hakuwa na mtu wa kumwimbia.

Sasa ngoja niseme jambo litakaloniharibia hasira zangu zote. Karibu na mwisho maiki ya mwimbaji ilianza kupiga mluzi, fundi akalazimika kuacha simu akaja jukwaani, akazima kinanda ili atafute tatizo. Katika kuchokonoa kwake akaigonga ile maiki ya udi, ikainuka. Yule mzee hakuambiwa na mtu. Akapiga taksimu, udi peke yake bila wimbo. Ilikuwa fupi, na wengi walikuwa wanazungumza, wahudumu wanakusanya sahani. Alianzia chini kwenye nyuzi nene, akapanda akitafuta, akafika mahali akatulia juu ya sauti moja akaitetemesha kwa risha mpaka mamkubwa, aliyekuwa kanuna hata soda hataki, akasema "Ee, baba!" Alikuwa anasema na mzee, si na mimi. Mzee akasikia, akainua kichwa, akatikisa kofia. Halafu fundi akasema "testi, testi", kinanda kikawashwa, basi.

Kwa hicho kipande nimelipa Sh1,500 na sidai kitu. Nadai! Nadai za mamkubwa. Zangu zikae kwa mzee wa udi, kama zitamfikia.

Nilipiga simu kwa waandalizi siku chache baadaye. Nilipokewa na binti mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ile ni "taratibu ya usalama wa wageni". Nikamuuliza mama wa umri ule na noti ya mia mbili anamtishia nani. Akacheka, akajizuia. Akasema kurudisha pesa hawawezi, lakini watatupa tiketi mbili za bure za mara nyingine. Nikamwambia hatuzitaki, na hapo nikakata simu nikijiona mwanamume kamili.

Mamkubwa kusikia hivyo kidogo anipige. "Nani kakwambia hatuzitaki?" Anazitaka mno. Anataka kikaratasi chake kisomwe upya, na tiketi ya pili si yangu, anataka apewe jirani ili aje akae pale pale alipokaa. Ikabidi nipige tena kwa aibu. Binti akanipa tiketi, nikamshikilia mpaka akaniahidi kwamba kamba itakuwa na upenyo wa watunzaji na kijana ataambiwa. Ahadi ya simu, sijui.

Kwa hiyo nyota niliyokusudia moja naifanya mbili, na ya pili ni ya udi. Nilitaka kuandika msiende. Nendeni, lakini kaeni kulia kwa jukwaa, usawa wa mpiga udi, huko spika ya kinanda haikufikii sana. Ulizeni langoni, kabla ya kutoa tiketi, kama kutunza kunaruhusiwa, kwa maana ukishaketi hurudishiwi hata senti. Mkikuta kamba imebaki vile vile, niandikieni hapa chini haraka, nimuwahi mamkubwa kabla hajapeleka buibui kwa fundi.